Tulivyobeba Engozi Tupu Hadi Kayanga

Nyaishozi

Mama,

Shikamoo. Najua ungekuwa hapa ungeitikia upesi, kisha ungeniambia kama kawaida yako, "Domitila, umemeza redio, sasa izime kidogo nipumzike." Leo siizimi. Nina habari ambazo hakuna mwingine wa kukuletea kama zilivyo, na nimeshakaa chini, chai iko pembeni, kalamu ina wino. Vumilia tu.

Nianze na Baba, maana ndiye utakayemuulizia kwanza hata ukijifanya humuulizii. Mzee ni mzima. Anapika. Usicheke. Anamenya ndizi kama anachonga mpini wa jembe, nusu ya ndizi inakwenda kwa mbuzi pamoja na ganda, lakini zinazobaki zinaiva na anazila bila kunung'unika. Kibanja chako nakipalilia mimi. Ule mgomba ulioupanda nyuma ya jiko, ambao wote tulisema utakufa, umetoa machipukizi mengi hadi nimewagawia majirani. Kahawa imebeba vizuri. Barabara ndiyo imekufa, Mama. Malori yaliyokuwa yanapeleka chakula kwa wakimbizi yameichimba yakaondoka, wakimbizi wenyewe wamerudi kwao, sisi tumeachiwa mashimo. Na mtoto wa mwisho wa kwangu anaitwa jina lako. Ana sauti ya kwangu, kwa hiyo nyumba hailali.

Hayo yalikuwa ya kupooza moyo. Habari yenyewe ni ya mdogo wako.

Baada ya kumaliza matanga yako, Mama mdogo Leonida alibadilika. Tulidhani ni majonzi, na nani angemlaumu, mmezaliwa tumbo moja huko Kaisho, mkaolewa huku kijiji kimoja, hamjawahi kupitisha wiki bila mmoja kumfuata mwenzake kuomba chumvi ambayo anayo nyumbani. Akaanza kujifunga shali hata jua likiwaka. Akawa hapendi kukumbatiwa. Siku moja tukiwa tunavuna maharage akaniita nyuma ya migomba, akaushika mkono wangu akauingiza ndani ya shali, upande wa kushoto. Nikagusa. Kivimbe kilikuwa kigumu kama buni ndani ya ganda lake.

Mama, nilikosa neno. Mimi. Naye akaniangalia, akasema taratibu, "Redio imezimika?"

Nikamwambia twende hospitali kesho yake. Akakataa. Akasema amekuota. Alikuona nyumbani kwako umefagia, umeng'oa nyasi mbichi, unazitandika sakafuni vizuri kama tunavyotandika Krismasi au mgeni mkubwa akija. Akakuuliza nani anakuja, ukatabasamu tu ukaendelea kutandika. "Ni mimi ninayetandikiwa," akasema. "Ugonjwa ni ule ule, upande ni ule ule. Dada ananiita. Mtu akishakutandikia nyasi humwachi anakaa mlangoni anakungoja." Akanifunga mdomo nisimwambie mtu. Akarudi kuvuna maharage.

Nitakuambia ukweli, hapo nilikukasirikia. Nilikuja kaburini kwako nikang'oa magugu kwa hasira hata maua yako nikayang'oa, ikabidi niyarudishe. Nilikuuliza kwa sauti: huoni kwamba umekwenda na wewe inatosha? Kisha nikalia, nikaona aibu, nikanawa mikono nikaenda kukoroga uji wa watoto.

Maana mimi nilikumbuka asubuhi ile. Wewe unazijua sheria za chama cha engozi kuliko mimi. Mgonjwa akishindwa kutembea, wanaume wa kijiji wanakuja na ile machela ya fito, wanamweka, wanampeleka hospitali mabegani kwa zamu. Na kabla ya kumwinua, kiongozi wao anauliza ugonjwa mbele ya wote, ili wajue wamshike wapi na wasimshike wapi. Ni utaratibu mzuri. Umeokoa wengi. Wewe ulikushinda. Walikuja kwako umande haujakauka, Mzee Bitegeko akasimama uani akauliza, "Mama anaumwa nini?" Baba akajibu homa, kwa sababu ndivyo ulivyomwambia. Wakaingia kukuchukua, kitanda kitupu. Mimi ndiye niliyekukuta katikati ya kibanja, umejikunja nyuma ya migomba, unatetemeka, umeshika titi lako kwa mikono miwili. Ukanionyesha kidole nisiseme. Kisha ukaninong'oneza, "Nimwambie Bitegeko habari za titi langu, halafu Jumapili nimpe mkono kanisani?"

Wakangoja. Wakapewa maji, wakanywa. Wakaondoka na engozi yao tupu. Ulipokuja kukubali kupanda lori la kahawa, ukakaa mbele na dereva umejifunga kitenge juu ya kitenge, daktari alimwita Baba pembeni akamwambia tumechelewa. Na tulipokuzika, mchungaji alisoma kwenye karatasi kwamba umefariki kwa homa ya muda mrefu, kwa kuwa Baba alishindwa kulitamka lile neno jingine. Mpaka leo watu wanauliza ni homa gani ile.

Sasa sikia. Alikuja nesi kutoka hospitali ya misheni kule Kayanga, dada mmoja mdogo wa mwili, mkali. Mchungaji alitoa wanaume wote nje ya kanisa, wakabaki akina mama peke yao. Yule nesi akatufundisha kujigusa, huku na huku, na kwapani. Akina mama walicheka hadi wakafuta machozi, kisha kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akawa anawaza yake. Akasema hospitali hapa inaweza kupima, lakini kukata ni Mwanza, na wapo wanawake wamepimwa wamerudi nyumbani kukaa, kwa sababu hawana wa kuwafikisha. Akasema mijini wana kitu kinaitwa matembezi ya hisani: watu wanatembea pamoja safari ndefu, majirani wanawachangia, mchango unakwenda kwa wagonjwa. Akauliza kama sisi tunaweza kutembea.

Mama, kumuuliza mwanamke wa Nyaishozi kama anaweza kutembea. Tulimwambia tutatoka hapa hadi Kayanga, na tutaimba.

Mambo yakawa magumu kwa watu wa nyumbani. Hawakuelewa. "Mnakwenda Kayanga kufanya nini?" Kutembea. "Mnapeleka nini sokoni?" Hatupeleki kitu. "Kuna mgonjwa?" Hakuna. "Kuna msiba?" Hakuna. Mume wangu, unamjua alivyo mpole, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Yaani mnakwenda kuchoka tu halafu mnarudi?" Nikaona tukipita barabarani mikono mitupu watatucheka hadi mwaka uishe. Ndipo likanijia. Nikasema: tubebe engozi. Sisi wenyewe, akina mama, mabegani. Kila atakayeiona atajua tunakwenda hospitali na tuna jambo.

Mzee Bitegeko alikataa kabla sijamaliza. Engozi inakaa kwake, na sheria ni kwamba haitoki bila mgonjwa. Halafu mwanamke hajawahi kuweka bega lake pale. Nilibishana naye, unanijua, nikabishana hadi mke wake akanihurumia akaniletea senene wa kukaanga ili nitafune ninyamaze. Baba alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake, hajasema neno tangu tufike. Akainuka. Akasema, "Bitegeko, mlikuja kwangu kumchukua mke wangu mkarudi nayo tupu. Hakuwa na homa. Alikuwa na ugonjwa wa titi, akaona aibu usijue. Wape binti zangu hiyo engozi waende nayo."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Baba akilitamka. Mzee Bitegeko akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaenda mwenyewe kuitoa ndani, akaipangusa vumbi.

Mama mdogo sikumwambia mpango wangu wote. Nilimwomba atusindikize tu, hadi pale darajani. Nilijua hawezi kukataa kusindikiza watu, hata mganga wa kienyeji ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani kwake, bado alimsindikiza hadi njia panda. Akaja na shali lake na kikapu chenye ndizi za kuchoma. Tulipofika darajani nikamwambia, "Mama mdogo, tupandishe kile kilima tu." Akanitazama. Akapanda.

Tulianza vizuri, tukiimba nyimbo za kanisa, engozi mabegani, tunabadilishana. Baba na Mzee Bitegeko walifuata nyuma, eti wanakwenda Kayanga kwa shughuli zao. Lakini vile vilima, Mama. Ukipanda huku umeweka fito begani, wimbo unakufa wenyewe. Tukawa tunakwenda kimya, vichwa chini, vitenge viunoni, pumzi tu. Na hapo ndipo tulipofanya kosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Tulipita kituo kimoja cha biashara. Nikaona muuza duka anafunga mlango wake, mchana mweupe. Wa pili naye akafunga. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakasimama, wakavua kofia. Mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli na mkungu wa ndizi, akasimama kando akainamisha kichwa. Nikawaza, ama kweli, kumbe watu wa huku wana heshima kwa matembezi ya hisani. Nikanyoosha na shingo. Mbele kidogo mwanamke akaacha jembe shambani, akajifunga kitenge vizuri, akaingia katika mstari wetu bila kusema kitu. Akaja mwingine. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Mzee mmoja akatuwekea ndizi kwenye kikapu cha Mama mdogo, mwingine maharage, mwingine akaniminyia kitu mkononi kwa mikono miwili. Tulipokaribia njia panda kundi letu lilikuwa limejaa barabara nzima, na nyuma kabisa wanawake wawili walikuwa wanalia.

Nilipowasikia wanalia ndipo akili ilinirudia. Engozi tupu inayorudi kutoka hospitali, mgonjwa kalazwa. Engozi yenye mtu inayokwenda, mgonjwa anapelekwa. Engozi tupu inayokwenda, watu wanaifuata kimya: hiyo inakwenda kuchukua maiti. Kila mtoto wa Karagwe anajua. Sisi tuliokuwa tumeibeba tulikuwa tumesahau.

Bibi mmoja akanishika mkono, akasema, "Poleni, waitu, ndugu zetu. Mnamfuata nani?"

Barabara nzima ikanigeukia. Mama, nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kulikuwa na watu wengi hivyo, wanaume kwa wanawake, wengine wakwe zangu. Nikajua lazima nilitamke lile neno. Nikafungua mdomo. Nikaona uso wako nyuma ya migomba na kidole chako mdomoni. Redio ikazimika mara ya pili.

Akatokea Mama mdogo kutoka nyuma, anapenya katikati ya watu na kikapu chake. Akakiweka chini. Akalivua lile shali, akalikunja, akaliweka juu ya kikapu. Akaweka mkono wake titi la kushoto, hivi, mbele ya watu wote, akasema, "Mnanililia mimi. Na mimi bado sijafa. Nina ugonjwa hapa kwenye titi, ule ule uliomuua dada yangu, na hawa wanakwenda hospitali."

Kisha yule bibi aliyenishika mkono akamuuliza, kama anauliza bei ya karanga, "Kwa hiyo unangoja nini?"

Mama mdogo akamtazama, akaangua kicheko. Wote tukacheka, hata wale waliokuwa wanalia, na mmoja wao alilalamika kabisa kwamba amelia bure. Wanaume wa pale wakajitokeza wakasema leteni tumbebe sisi, nyie mmechoka. Mama mdogo akawaambia, "Asanteni, baba zangu. Walikuja wanaume kwa dada yangu akajificha. Mimi nitabebwa na hawa." Akakaa ndani ya engozi. Unamjua Mama mdogo, si mwepesi. Tulipoinua tuliyumba, akashika fito kwa mikono miwili, akasema, "Taratibu basi, mtaniua kabla ya ugonjwa." Mzee Bitegeko akashindwa kuvumilia, akaja pembeni akaanza kutuelekeza: bega hili, sasa lile, mguu pamoja, mlimani wafupi mbele. Alitembea karibu nasi hadi mwisho na hakugusa fito hata mara moja. Safari hii tuliimba hadi Kayanga, pumzi ilipatikana sijui kutoka wapi. Watu wa stendi walisimama juu ya magunia kutuangalia. Wale waliotufuata kwa msiba walikataa kurudi nyumbani, wakasema wameshatoka, na waliyoyatoa yabaki kwa wagonjwa.

Yule nesi alipotoka mlangoni pa hospitali akaona umati ule na mtu ndani ya machela, alipauka. Mama mdogo akamwambia, "Usiogope, mwanangu, nimekuja kwa miguu. Hapa mwishoni tu ndipo nilipodeka."

Nilimpeleka Mwanza mimi mwenyewe. Melini alikaa ameshika mkono wangu usiku kucha, si kwa hofu ya ugonjwa, kwa hofu ya maji. Walimkata, Mama. Titi lote. Daktari akasema tumewahi, lakini lazima arudi kuangaliwa, na anarudi, hakosi. Wengine wawili wa Nyaishozi wamekwishakwenda baada yake, michango ile imewafikisha. Siwezi kukuambia mambo yote yamekwisha, na yeye mwenyewe hasemi hivyo. Ila leo nimemwacha shambani anapanda maharage na ananigombeza kwamba mistari yangu imepinda. Ndani ya lile gauni lako la gomesi, la bluu, ameweka kitambaa alichokishona, kimejazwa pamba, na Jumapili kilimteremka hadi tumboni katikati ya mahubiri. Alikirudisha mahali pake, akaendelea kumsikiliza mchungaji. Mke wa Bitegeko aliyekaa pembeni yake alitoka nje kucheka.

Chama cha engozi sasa kina akina mama. Mwanamke akiugua ugonjwa asiotaka kuutaja uani, anatuambia sisi, na tunambeba sisi. Bega langu la kulia limeota sugu. Kila nikilishika nakukumbuka, na nauma midomo, kwa sababu ungebebeka, Mama. Ulikuwa mwepesi siku zile. Tungekufikisha.

Mwezi ujao tunaweka msalaba wa saruji kaburini kwako. Baba ameniomba niseme maneno machache. Nakuahidi hivi: nitasimama mbele ya mchungaji, mbele ya Mzee Bitegeko na kijiji kizima, na nitasema Mama yangu alikufa kwa saratani ya titi. Sitasema homa tena. Usinionyeshe kidole. Hakuna wa kukucheka, na mabinti wanaokua wako pale wanasikiliza. Mabega yangu yapo, kwa yeyote atakayeyahitaji, mpaka nami nibebwe.

Lala, Mama. Nakupenda, na nimeizima redio, isipokuwa jambo hili moja ambalo si langu, nimetumwa. Mama mdogo hajui kuandika vizuri, alinisemea jana tukiwa tunakoka moto, nikamwahidi nitalifikisha kama alivyolisema.

Anasema ile ndoto aliyokuota ameielewa, na anakushukuru kwa ukarimu. Lakini zile nyasi zitoe, dada, zitakauka bure. Ana maharage shambani.

Domitila wako